Minana wa mnazi mmoja, mbona sura tofauti?

SWALI: Kwenye mnazi wetu minana wamejaza viota. Wengine ni wa manjano wenye kichwa cheusi, wengine wamefifia kama shomoro, na mmoja ana manyoya meupe bawani. Ni aina ngapi? Na huyo mweupe ni zeruzeru?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Huenda wote ni aina moja, Ploceus cucullatus, ila usiamue kwa manjano. Rangi hiyo ndiyo inayodanganya watu. Anza na jicho, kisha mgongo.

Dume mzima ana jicho jekundu, kichwa cheusi hadi kisogoni, na mgongo wenye mabaka meusi na ya manjano. Kichwa cha rangi ya chungwa kisicho na weusi ni cha mnana mwingine, Ploceus subaureus, naye Dar yupo wa kutosha. Jicho jeupe kwenye uso mweusi, weusi ukiishia utosini? Huyo ni Ploceus intermedius.

Waliofifia ni majike, makinda, au madume waliomaliza msimu. Unyoya ukishakua umekufa: huchakaa na kupauka tu. Dume hubadili sura kwa kupukutisha manyoya na kuota mapya, na katikati ya kazi hiyo kichwa chake huwa mabakamabaka. Wengi humwita chotara, bure tu. Dume chipukizi naye huwa na mabaka, lakini jicho lake bado ni la kahawia.

Sasa huyo mweupe. Kwanza hakikisha si kinyesi. Chini ya viota vingi hivyo si ajabu. Weusi wa manyoya ni melanini, ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Manjano hutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili za kwenye chakula. Melanini isipofika kwenye unyoya, penye weusi panabaki peupe, manjano yakiendelea kama kawaida. Zeruzeru hana melanini popote, hata jicho lake ni la waridi, haoni vizuri, na ni nadra kufikia utu uzima. Weupe ukiwa bawa moja tu, shuku jeraha lililoharibu kitundu cha unyoya. Manyoya meupe pia hukatika ncha mapema, maana melanini huyaimarisha.

Tumia darubini ya 8x (inayokuza mara nane) kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Usiamini picha ya kivulini: makuti hugeuza manjano kuwa kijani. Piga picha za jicho, mgongo na mabawa yote mawili, kisha tutumie.