Pipi hazitatuliza darasa la sanaa

SWALI: Shikamoo Mkufunzi. Nafundisha Sanaa na Michezo darasa la tatu, wanafunzi 60, kipindi cha dakika 40. Siku ya kupaka rangi darasa linageuka gulio: wanamwagiana maji, wananyang'anyana brashi, wanachafuliana kazi. Nilianza kuwapa pipi wanaotulia. Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri, sasa wananidai pipi kabla sijafungua kopo la rangi. Mwenzangu mmoja kanishauri nibandike chati ya nyota ukutani, mwingine anasema nishike fimbo. Kipi kitafaa zaidi? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Swali lako naulizwa kila muhula, na kila mara linaishia palepale: nitoe zawadi gani? Pipi zikishindwa, nyota. Nyota zikishindwa, daftari na kalamu. Vyote vikishindwa, fimbo. Mpaka leo sijapata mwalimu aliyeniambia watoto walikuwa wanafanya nini dakika moja kabla ya maji kumwagika. Basi nikuambie mimi, maana kazi yangu ni kukaa dawati la nyuma na kutazama: walikuwa kwenye foleni. Ndoo moja, brashi kumi, watoto 60. Hamsini kati yao mikono mitupu. Mtoto wa miaka minane ambaye hana cha kushika atashika shati la mwenzake.

Fimbo naimaliza haraka. Kanuni zetu zimempa ruhusa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu yeye kwa maandishi, viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Brashi iliyodondoka haimo.

Hizo pipi ndizo zinazoniumiza kichwa, kwa sababu zinaonekana upole. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa hati yenye muhuri wa dhahabu na utepe, wakichora. Kundi la pili lilichora tu, kisha likapewa hati hiyohiyo bila kuitarajia. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikawekwa tena darasani, anayetaka achore, asiyetaka aache. Wale walioahidiwa hati walizitumia karibu nusu tu ya muda waliozitumia wenzao. Na hata siku ile ya kuchora kwa ahadi, kazi zao zilikuwa hafifu kuliko za wengine.

Utaniambia pipi zako ni za utulivu, si za kuchora. Mtoto haweki mpaka huo. Anachojua ni kwamba kipindi cha sanaa kina ujira, na ujira ukichelewa kibarua anagoma. Ndiyo hali uliyo nayo sasa. Hao watoto hawajaharibika tabia, wameelewa somo ulilowafundisha.

Turudi kwenye foleni. Kipindi kijacho usitoe rangi kabisa. Narudia, kabisa. Gawa darasa makundi 12 ya watoto watano, na kila mtoto awe na kazi: mchota maji, mgawa karatasi, mtunza brashi, mpanguza meza, mwanika kazi. Wafanye mazoezi ya kuchukua na kurudisha vifaa wakiwa na makopo matupu, mara tatu, mara nne, mpaka wacheke. Kazi zizunguke kila wiki, usimwachie uchotaji maji yule mtoto mtiifu peke yake. Mtundu ndiye anayeuhitaji zaidi.

Maji yawe kwenye kopo pana, robo tu, maana kopo refu lililojaa ni ajali inayosubiri kiwiko. Rangi tatu zinatosha: nyekundu, njano na buluu, kijiko kimoja kimoja kwenye vishimo vya trei ya mayai. Wakitaka kijani, wachanganye wenyewe, na hapo utaona kimya ambacho hakuna pipi iliyowahi kukinunua. Brashi hazitoshi? Kata vijiti vya mswaki, wavitafune ncha, kila mtoto na chake. Maelezo yote yatoke kabla vifaa havijagusa meza. Mwalimu anayegawa brashi kisha akaanza kueleza amejitakia mwenyewe. Na dakika kumi kabla ya kengele, piga makofi ya mdundo, wakuitikie, mikono iwe juu, usafi uanze. Kazi zenye jina nyuma zianikwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, mbali na viwiko vya majirani.

Kuna jambo jingine hukuliandika ila nalihisi. Wewe huwachorei embe ubaoni wakanakili? Wengi hufanya hivyo. Wanaojua wanamaliza kwa dakika tano na kuanza kuzurura, "Mwalimu nimemaliza!" Asiyejua anatazama embe lake lililofanana na kiatu, anatazama la jirani, kisha anamwaga rangi kwenye la jirani. Nimewafuatilia watundu wengi wa darasa la sanaa, na mara nyingi kabisa nakuta mtoto anayeogopa kuchekwa. Afadhali aitwe mtukutu kuliko aitwe asiyejua. Huyo nyota ukutani zinamfanya nini? Zinamwandikia aibu yake mbele ya darasa zima, kila wiki. Mpe kazi isiyo na jibu moja: soko la kwenu, mvua ilivyoingia nyumbani, mnyama ambaye hajawahi kuwepo. Hakuna wa kumwambia amekosea.

Nyota zikinitajwa hasira zinanipanda, kwa sababu siku hizi kuna watu wanazunguka shuleni na mabango ya plastiki yenye nyota na sura za kucheka na kulia, wanayaita mfumo wa nidhamu. Semina ya nusu siku, chai na sambusa, mwalimu mkuu analipa, wao wanaondoka. Waulize kama wamewahi kukaa na watoto 60 na ndoo moja. Bango halichoti maji wala haliongezi brashi. Linachofanya ni kumwonyesha mgeni kwamba shule ina nidhamu. Ni dada yake ile orodha ya wapiga kelele anayoandika kiranja, ambayo sote tuliosoma huku tunajua ilivyokuwa: ukiwa na kipande cha muhogo jina linafutika.

Hivi vyote vina mzizi mmoja, tumeshaamini darasa zuri ni darasa kimya. Mkaguzi akipita dirishani akasikia sauti, mwalimu hana uwezo. Kwenye hisabati tubishane, lakini mtoto anayechanganya buluu na njano kwa mara ya kwanza halafu asimwite jirani aone, huyo ana homa. Jifunze kutofautisha sauti ya kazi na sauti ya fujo. Ya kazi inapanda na kushuka, na ukisogea karibu utasikia inazungumzia karatasi. Ya fujo inaanzia sehemu moja, mara nyingi kwenye ndoo.

Watakudai pipi kwa wiki mbili tatu, usijitetee wala usiwahutubie, wape vijiti vyao wakatafune. Zile pipi ulizobakiza kabatini wagawie wote siku ya kufunga shule, bila kusema ni za nini.