Ulimwambia meneja "shauri yenu"

Swali: Mwalimu, nafanya kazi na timu ya watu wa nchi mbalimbali. Meneja aliuliza kwa ujumbe kama kikao kiwe Jumanne au Alhamisi. Nikajibu "I don't care", nikimaanisha siku yoyote sawa kwangu. Akajibu "OK" tu, na tangu hapo naona kama amenuna. Nilikuwa nimesoma kwenye orodha ya misemo kwamba hiyo na "I don't mind" ni kitu kimoja. Halafu, je, "I'm down" na "I'm up for it" ni kinyume?

Jibu: Barua yako naijua. Hunijia mara kwa mara, kinachobadilika ni jina la mwandishi tu.

Sarufi yako haina kosa. Lakini "mind" hapo ni kukereka: ukisema "I don't mind", unamwambia mwenzako achague, hakuna siku itakayokuudhi. "Care" ni kulitia jambo moyoni. Kwa hiyo meneja aliuliza kwa adabu, akasoma "shauri yenu". Hata sisi tunayo hiyo: "usijali" humliwaza mtu, "sijali" humchoma, na kitenzi ni kilekile. Mwandikie leo "Either day works for me, sorry if I sounded rude", yaishe.

Kwa haki, Wamarekani walio marafiki huambiana "I don't care, you pick" bila ubaya wowote. Hapo sauti na uso hulainisha maneno. Kwenye ujumbe wa simu sauti haipo.

La pili: si kinyume. Zote mbili ni "nipo tayari". Ila "I'm feeling down" ni huzuni, na "I'm down with flu" ni mgonjwa wa mafua. Na kwa Waingereza, mtu kuitwa "up for it" bila kutaja shughuli yenyewe kunaweza kumaanisha utayari wa kitandani, kwa hiyo taja shughuli.

Sasa nije kwenye kinachonichosha: hiyo orodha uliyoisoma. Sijaiona, lakini naweza kukuchorea. Kushoto msemo wa Kiingereza, kulia neno moja la Kiswahili, na juu ahadi kwamba utaongea kama mzawa kabla mwezi haujaisha. Wanaoziuza wanajua wanachofanya. Kukariri jozi za maneno kunampa mtu raha ya kuona amejifunza, na aibu ikija inamkuta yeye, wao hawapo.

Mgeni akikuonyesha daftari lenye "piga = beat", utamwambia nini kuhusu kupiga pasi, kupiga chafya na kupiga picha? Utacheka. Basi Kiingereza cha mitaani ndivyo kilivyo, maana hukaa kwenye vijineno vinavyofuata. "I don't care for coffee" ni kwamba kahawa huipendi, ilhali "Would you care for coffee?" ni ukarimu mtupu. Mtu akikuuliza "Do you mind if I sit here?" ukajibu "Yes" kwa tabasamu, umemnyima kiti, anayeruhusu husema "Not at all". Orodha gani inakuambia hilo?

Msemo jifunze ndani ya sentensi nzima, ukijua nani kamwambia nani na wa nchi gani. Chukua "bomb". Mmarekani akisema kitu ni "the bomb", amekisifu sana. Akisema "it bombed", kimeanguka vibaya. Mwingereza naye akisema jambo "went down a bomb", watu wamelifurahia mno. Aliyekariri kwamba "bomb" ni sifa ataamka asubuhi, amwandikie bosi wake "Your presentation bombed", na kuweka emoji ya makofi mwishoni.