Chumvi, Muhogo na Goita: Maswali Yenu

Shikamoo mama. Bibi yangu ana goita, na mama yake alikuwa nayo. Ni ya ukoo? (Msomaji, Njombe)

Marahaba mwanangu. Ukoo unaweza kuchangia, lakini kwenu kuna sababu ya karibu zaidi. Udongo wa Nyanda za Juu Kusini, kama wa sehemu nyingi za milima, umeoshwa madini joto (ayodini) na mvua, kwa hiyo mahindi na mboga zake zina kiasi kidogo sana. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutumia madini hayo kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo na ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Yakipungua, tezi huvimba ikijaribu kunasa hicho kidogo kinachopita, na uvimbe huo ndio goita. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, 250.

Bibi yako alikulia kabla chumvi yenye madini joto haijaenea nchini. Mpeleke akapimwe, maana goita ya miaka mingi haiishi kwa kubadili chumvi. Akianza kumeza kwa shida, sauti ikikwaruza au uvimbe ukikua haraka, msisubiri hata wiki.

Chumvi ya pinki ni bora kwa tezi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Nyingi haijaongezwa madini joto, na bei yake haibadilishi hilo. Nunua paketi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moto, na uitie mboga inapokaribia kuiva. Ila usizidishe: gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ndiyo mwisho. Presha nayo ipo.

Jambo mama. Nimeambiwa niache muhogo na kabichi. (Msomaji, Bukavu)

Kabichi iliyopikwa kula bila hofu. Muhogo unahitaji uangalifu. Ule mchungu una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali inayozuia tezi kunasa madini joto. Jirani yenu kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti waliona goita nyingi pale ambapo upungufu wa madini joto ulikutana na muhogo wa kila siku. Kwa hiyo usiuache, uandae: uloweke siku tatu au zaidi, umwage maji, uanike ukauke kabisa. Sombe, yaani majani ya muhogo, itwange vizuri na uichemshe muda mrefu. Ninaowahofia ni wanaofupisha kuloweka kwa sababu ya njaa au haraka ya soko, hasa kama chumvi yao haina madini joto.

Ninameza levothairoksini na nina mimba ya miezi mitatu. Kliniki wamenipa vidonge vya damu. Nameza vyote asubuhi na uji wa lishe. (Msomaji, Mbeya)

Mwanangu, hapa naomba unisikilize sana. Madini ya chuma, ambayo ndiyo yaliyo kwenye vidonge vya damu, kalisi, soya na hata kahawa huzuia dawa ya tezi isinyonywe vizuri, na uji wa lishe mara nyingi una soya. Meza dawa ya tezi ukiamka, kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa moja ndipo unywe uji au chai ya maziwa. Vidonge vya damu usiviache; viweke mchana au usiku, angalau saa nne baada ya dawa ya tezi. Na kama daktari anayekuandikia dawa hajajua una mimba, mwambie wiki hii: wajawazito wengi huhitaji dozi kubwa zaidi, na mtoto miezi hii ya mwanzo hutegemea homoni zako.

Tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi. Nimeuziwa unga wa mwani kama tiba. (Msomaji, Unguja)

Uache leo. Kiasi cha madini joto kwenye mwani hubadilika sana, na kwa tezi iliyokwisha kuzidi unaweza kukuongezea mapigo ya moyo na kukukondesha zaidi. Hakuna chakula kinachotibu hali hiyo. Endelea na dawa za hospitali, na ukienda kliniki uchukue na kopo la huo unga daktari aone ulichokuwa unakula.