Tinti ya mlango unaotazama magharibi: usichague kwa weusi

Mkuu, kwa ulivyoeleza, una mlango wa kioo wa slaidi unaotazama magharibi, sebule haikaliki kuanzia saa 9 alasiri, kiyoyozi kinamaliza uniti za umeme za LUKU na joto liko palepale. Fundi amekuletea sampuli tatu za tinti, ile karatasi ya plastiki inayobandikwa kwenye kioo kupunguza jua: nyeusi ya bei ya chini, ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, na ya seramiki, yaani yenye chembechembe za seramiki ndani yake, ambayo bei yake imekushtua. Mimi nyumba yangu iko Kigamboni, Dar es Salaam, mlango wangu unatazama upande huohuo, na nimeshabandika tinti mara mbili. Ya kwanza niliibandua kwa wembe, kazi ya siku tatu. Naandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili linamaliza pesa za watu bure.

Kwanza hakikisha adui wako ni kioo kweli. Siku ya jua kali, ikifika saa 2 usiku, panda kwenye stuli uguse dari. Ukikuta ni la moto wakati jua limeshazama zamani, joto lako linashuka kutoka kwenye bati, na tinti haitakusaidia hata ukinunua ya bei gani. Siku ya pili, saa 10 alasiri, kaa kwenye kochi lililo karibu na mlango. Kama upande wa mwili unaoelekea kioo unaungua, na ukihamia pembeni hatua mbili unapata nafuu, hapo ni kioo. Kwangu marumaru za mbele ya mlango zilikuwa hazikanyagiki peku saa hizo. Na kama mnaishi madirisha wazi mchana kutwa mkitegemea upepo, elewa kwamba tinti inazuia jua linalopenya kwenye kioo, si hewa ya moto inayoingia dirishani.

Sasa kuhusu sampuli zako. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kadiri tinti inavyokuwa nyeusi ndivyo chumba kitakavyopoa. Nilienda kwa jamaa wanaoweka tinti za magari, nikachukua nyeusi kuliko zote. Sebule ikawa giza, tunawasha taa saa 8 mchana, na joto likapungua kidogo mno. Sababu niliijua baadaye. Tinti ya rangi tupu hainyimi joto njia, inalimeza. Kioo kinapata moto, kisha sehemu ya moto huo kinaurudisha ndani. Weka kiganja kwenye kioo cha namna hiyo saa 10 utaelewa ninachosema. Haikufika miaka miwili ile nyeusi ikaanza kugeuka zambarau na kufanya malengelenge pembezoni.

Nishati ya jua inayotufikia, karibu nusu yake ni miale ya infraredi ambayo jicho halioni, zaidi kidogo ya asilimia 40 ni mwanga tunaouona, na kiasi kidogo kilichobaki ni urujuanimno, ile UV. Watu wengi hawajui kwamba mwanga wenyewe nao ni joto. Ukishapita kioo ukatua kwenye kochi na sakafu, unageuka joto. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha tinti nyeupe kabisa, unaona nje kama hakuna kitu, halafu akakwambia inazuia asilimia 90 ya joto la jua, hesabu hiyo haikubali. Anachotaja ni asilimia ya infraredi peke yake, na mara nyingine ni kipande tu cha infraredi walichochagua kukipima. Hata ile taa ya moto wanayokumulikia mkononi dukani ukashangaa, sehemu kubwa ya nishati yake ni infraredi kuliko ilivyo kwa jua, ndiyo maana tinti inaonekana kufanya maajabu.

Omba karatasi ya vipimo, utafute herufi TSER. Hicho ndicho kiasi cha nishati yote ya jua kinachozuiwa, ukijumlisha mwanga, infraredi na UV. Pembeni yake kuna VLT, mwanga unaoruhusiwa kupita. Kioo cheupe cha milimita 6 kisicho na kitu kinazuia chini ya asilimia 20. Tinti nyeusi ya rangi ikibandikwa juu yake huwa inaishia kwenye 30 au 40 hivi. Seramiki inayoacha nusu ya mwanga ipite huwa kwenye 50 na kidogo. Ya fedha yenye VLT ya 20 inaweza kuvuka 70, kwa sababu inalirudisha jua lilikotoka badala ya kulimeza. Muuzaji asiye na karatasi hiyo, mshukuru uondoke. UV usiihangaikie sana, karibu zote za maana zinazuia asilimia 99. Ila usitegemee kochi halitapauka tena kabisa, maana mwanga na joto navyo vinapausha.

Kwa mlango wako, mimi ningechukua ya fedha kama mbele yako ni ukuta wa uzio au shamba. Kama mbele kuna bahari au bustani unayoipenda, au jirani yupo karibu na mng'ao wa jioni utampiga machoni, jinyime uchukue seramiki. Mimi niliishia kwenye seramiki yenye VLT ya 35, kwa sababu mama yangu anapenda kukaa pale akiangalia miti. Marumaru sasa zinakanyagika na kiyoyozi kinafika mahali kinapumzika. Sijutii bei.

Watu wanaichagua ile ya fedha wakitaka wasionekane ndani. Mchana ni kweli, wewe unaona nje na wa nje anajiona mwenyewe. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe ndiye unayejiona kwenye kioo, na wa nje anakuona hadi sahani mezani. Kinga inafuata upande wenye mwanga mwingi, kwa hiyo pazia lazima libaki. Jingine, ndege. Yule mdogo aitwaye chozi akijiona kwenye kioo kinachong'aa anadhani ni mshindani, atakigonga asubuhi nzima.

Hili la kupasuka naomba ulisome taratibu. Mlango wangu ulikuwa na kioo cha brauni, yaani kioo ambacho tayari kinameza joto. Juu yake nikabandika nyeusi inayomeza zaidi, nyuma yake pazia zito limefungwa, na nguzo ya baraza inatupa kivuli katikati. Sehemu moja ya kioo ikawa ya moto sana, nyingine ya baridi, ukingo umefichwa ndani ya fremu. Alasiri moja kikalia kama risasi. Nilimgombeza mtoto wa dada yangu nikidhani amerusha jiwe, na nikaja kumwomba radhi, kwa sababu ufa wa joto una alama yake: unaanzia ukingoni, unaingia wima kabisa kwa fremu, kisha ndiyo unapinda kuelekea kokote. Ufa wa jiwe una kitovu pale lilipopiga. Kwa hiyo mwambie fundi aina ya kioo chako kabla hajakata tinti. Kama ni cha rangi, cha waya, cha tabaka mbili, au kingo zake zina mapengo, tinti inayomeza joto usiipeleke pale. Pia usiache mlango wa slaidi wazi mchana kutwa, kioo kimoja kimelala nyuma ya kingine juani. Joto linanaswa katikati yao.

Usibandike nyumba nzima. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana linakuwa juu kabisa. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba linapita utosini. Mwezi wa 6 linaegemea kaskazini, mwezi wa 12 kusini, lakini bado liko juu, upenu wa kawaida unalikinga. La magharibi ndilo linaloshuka chini ya upenu na kuingia hadi kitandani. Weka pesa zako magharibi, kisha mashariki kama chumba cha kulala kiko huko. Na kama una nafasi ya kujenga baraza la makuti au kupanda mwarobaini upande ule, fanya. Kivuli cha nje kinalikamata jua kabla halijagusa kioo, na hakuna tinti inayofikia hapo.

Kubandika si kazi ngumu ila inataka usafi. Kama grili zako ziko ndani na zimekaribia kioo, hakikisha fundi ananyanyua vioo kutoka kwenye reli, asibandike kwa kupenyeza mikono kati ya nondo. Asichague siku ya upepo wa vumbi. Maji safi yenye shampuu ya mtoto matone machache, raba ya kukamulia, wembe mpya, na ukingoni aache mwanya wa milimita moja au mbili. Utaona ukungu na vipele vya maji wiki za mwanzo, viache, vinakauka vyenyewe ndani ya mwezi. Kipele chenye chembe ya mchanga katikati hakitaondoka, hicho mrudishie fundi siku hiyohiyo. Usioshe kioo siku 30 za kwanza, na baada ya hapo usitumie dawa yenye amonia.

Kwa sababu huu ni mlango, na umesema una watoto wawili wanaokimbia, angalia kona ya chini ya kioo kama kuna muhuri mdogo uliochongwa. Kioo kilichokazwa kwa moto kwa kawaida huwa nao, na kikivunjika kinamwagika vipande vidogo butu. Kama haupo, uliza tinti nene ya usalama yenye kinga ya jua humohumo, kuanzia maikroni 100. Haizuii kioo kuvunjika ila inashika vipande visimwangukie mtoto.

Ukishagusa dari usiku, andika hapa ulichokuta, pamoja na rangi na unene wa kioo. Ukiweza weka na picha ya zile karatasi za vipimo, nitazipitia.