Kwa Mnaoanza Baiolojia: Msiidharau Hofu ya Kufufua Wanyama Waliotoweka

Ninyi mnaoanza shahada ya baiolojia hapa Dodoma mtaulizwa mapema, nyumbani au ndani ya daladala, iwapo ni kweli kwamba wanasayansi wanawafufua wanyama waliokwisha kutoweka. Anayeuliza mara nyingi ana hofu. Msimwone mjinga, kwa maana katika kufundisha nimeona kuwa hofu ya watu hubeba maswali ambayo sisi wa maabara huyaruka.

Mwambieni kwanza yaliyofanyika. Mwaka 2003, huko Hispania, mbuzi-mwitu wa milima ya Pyrenees alizalishwa kwa kloni, yaani nakala ya mnyama itokanayo na seli zake, kutoka kwa jike wa mwisho aliyekufa mwaka 2000. Mtoto huyo alikuwa na kasoro ya mapafu, akafa dakika chache baada ya kuzaliwa. Mwaka 2025 kampuni ya Colossal ya Marekani ilitangaza kumrejesha mbwa-mwitu mkubwa wa kale, ilhali waliozaliwa ni mbwa-mwitu wa kijivu wa nchi za baridi (si hawa wetu wa Ruaha) waliofanyiwa mabadiliko 20 katika vinasaba vyao. Kwa maoni yangu, tangazo la namna hiyo huongeza hofu bila sababu.

Baada ya hapo, sikilizeni anachohofia hasa. Mwaka 2016 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, jirani kabisa na sisi. Mkulima anayeuliza mbegu ya msimu ujao ataipata kwa nani hapingi sayansi, anauliza umiliki. Swali hilo linamhusu pia mamothi, yule jamaa wa tembo mwenye manyoya aliyetoweka, ambaye wanasayansi wanatafuta kumrejesha: atakuwa mali ya nani, na ni nani atakayemsemea tembo jike anayebeba mimba kwa takriban miezi 22, ikiwa atatumiwa kumbeba mtoto wa mamothi katika jaribio lisilo na uhakika?

Someni kwa makini habari za chura wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Ni chura wa manjano, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye eneo dogo lililoloweshwa na mnyunyizo wa maporomoko. Bwawa la umeme likapunguza maji, ugonjwa wa fangasi ukafuata, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu takriban chura 500 walikuwa wamepelekwa mapema Marekani wakazaliana huko, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamefungwa ili kuiga maporomoko. Huyo hakuhitaji kufufuliwa, na bado kumrudisha kulihitaji makao, maji, fedha na ulinzi.

Kwa hiyo mtakapoandika semina juu ya mada hii, andiko lisiloeleza mnyama ataishi wapi, wenyeji wa hapo wameulizwa lini, na nani atagharamia ulinzi wake miaka 50 baadaye, nitalirudisha likaandikwe upya.