Katalasi ikiwa chini, usiseme kome ni dhaifu

Kome wa jenasi Bathymodiolus, wanaoishi kwenye chemchemi za maji moto za sakafu ya bahari, hawana namna ya kuikwepa sulfidi, kemikali ya salfa yenye sumu. Bakteria waliomo ndani ya matamvua yao huitumia kupata nishati, na kome hulishwa na bakteria hao. Lakini sulfidi hiyohiyo huzuia saitokromu c oksidasi, ambayo seli haziwezi kupumua bila hiyo, na ikikutana na oksijeni penye madini ya chuma huzalisha radikali huru, yaani molekuli kali zinazoharibu seli.

Ndiyo maana anayeanza kutafiti jinsi kome hawa wanavyojilinda hutarajia kukuta katalasi nyingi, kimeng'enya cha kinga kinachovunja peroksidi ya hidrojeni. Nimekaa sana mbele ya spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na sampuli, nikiangalia usomaji wa nanomita 240 ukishuka kwa kusuasua, ishara kwamba peroksidi ya hidrojeni inavunjwa polepole, na sampuli imetoka kwa mnyama mwenye afya tele. Ushauri wangu: usiharakishe kuandika kwamba kinga yake ni duni. Katalasi ina hemu, sehemu yake yenye chuma, na sulfidi huishika hemu hiyo ikakizuia kimeng'enya kufanya kazi. Pima na glutathioni peroksidasi, kimeng'enya kingine kinachovunja peroksidi, pima glutathioni yenyewe, molekuli ya kinga ambayo kimeng'enya hicho huitumia, halafu pima madhara, kwa mfano malondialdehidi inayotokana na kuharibika kwa mafuta ya utando wa seli. Katalasi ikiwa chini na utando uko salama, mnyama anajilinda kwa njia nyingine, na hiyo njia ndiyo ya kufuatilia. Kwangu mimi hapo ndipo kazi inaponoga.

Matamvua na mguu visagwe kila kimoja peke yake. Hata hivyo, kumbuka kwamba bakteria nao wana superoksidi dismutasi yao, kimeng'enya kingine cha kinga, kwa hiyo kipimo cha matamvua ni cha wenyeji na wageni kwa pamoja. Liandike hilo wazi kwenye ripoti.

Sampuli igandishwe kwenye naitrojeni ya kimiminika mara tu inapofika juu, maana kule kuvutwa kutoka kilindini kwenyewe ni msukosuko kwa mnyama.

Kwenye matangi ya majaribio, usiamini kiasi cha sulfidi ulichomimina asubuhi. Penye oksijeni sulfidi hupungua haraka, hivyo ipime tena na tena, pamoja na pH, kipimo cha uasidi wa maji: ikikaribia 7, takriban nusu ya sulfidi huwa hidrojeni sulfidi, inayopenya utando kwa urahisi. Kazi hiyo ifanyie chini ya kabati la kuvuta hewa, wala usitegemee harufu ikuonye, kwa sababu gesi ikizidi pua huacha kuisikia.