Gauni la Dido na mgongo usioonekana

London, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na picha ya wajukuu nimeibandika ukutani karibu na cherehani. Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliusikiliza mara mbili, kwa sababu uliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa uzito huo. Ulisema: "Mama, wewe ni mtoto wa Tanga, una kanga na kanzu za darizi sandukuni, kwa nini unayachosha macho yako kwa kushona magauni ya Kiingereza ya miaka 250 iliyopita, yale yaliyo kwenye picha za kale? Na kama ni lazima, kwa nini umelichagua gauni la yule msichana aliyebeba matunda, ukaliacha la mwenzake mwenye kitabu?" Maswali hayo hayajibiki kwa simu, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Unajua kwamba babu yako alikuwa fundi wa kanzu, na kwamba nilijua kupiga bandi kabla sijajua kusoma. Maneno kama atlasi, hariri, melimeli na bitana niliyasikia kibarazani kwake nikiwa bado nachezea vipande vya nguo sakafuni. Huku ugenini kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kufupisha suruali na kubadilisha zipu, kazi ya halali iliyowasomesha nyinyi, ila haikunidai fikira. Baada ya kustaafu, siku moja nilisimama katika jumba la picha la National Gallery mbele ya picha ambayo mchoraji Mfaransa Élisabeth Vigée Le Brun alijichora mwenyewe akiwa amevaa kofia ya nyasi, nikatambua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimeutazama uso wake hata kidogo. Nilikuwa nautazama mkono wa gauni, nikikisia mshono umepita wapi na kitambaa kimekatwa kwa upande gani. Siku hiyo nilirudi nyumbani na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nilipokuwa msichana kibarazani kwa baba.

Kazi yenyewe huanza na macho. Mchoraji hodari hukuambia kitambaa kwa namna anavyoiweka nuru. Atlasi ya hariri hung'aa kwenye ukingo wa mkunjo kwa mstari mwembamba, kisha mwanga huanguka ghafla kuwa kivuli cha kijivu. Tafeta, hariri ile ngumu, huvunjika kwa pembe kali kama karatasi iliyokunjwa. Mahameli hufanya kinyume, kwa kuwa vinyweleo vyake hunasa nuru pembeni na katikati hubaki giza. Gauni langu la kwanza niliharibu kwa kutolijua hilo: nilinunua atlasi ya poliesta kwa sababu ya bei yake, nikashona kwa miezi minne, na lilipokamilika likang'aa lote sawasawa, mikunjo yake ikawa mviringo na laini kama mpira, lisifanane kabisa na picha. Nililifumua. Tangu hapo hununua kidogo kidogo, kitambaa cha kweli, hata kama nitangoja nusu mwaka.

Baada ya macho huja mambo ambayo picha haiyaonyeshi, na hapo ndipo penye utamu. Mwanamke wa miaka ya 1770 alianza na shimizi ya kitani iliyofika chini ya magoti, kisha korseti iliyokazwa kwa zile sahani ngumu zilizo kinywani mwa nyangumi, ambazo watu huziita mifupa ingawa si mifupa. (Sisi tunaoshona leo hutumia vibana nyaya vya plastiki vilivyo vipana, na hufanya kazi vizuri sana.) Mifuko haikushonwa kwenye gauni, ilifungwa kiunoni kwa utepe, chini ya sketi, na mkono uliifikia kupitia mpasuo ulioachwa kwenye mshono wa ubavuni. Mara nyingi gauni lenyewe lilifungwa mbele kwa pini. Hariri ilifumwa nyembamba, upana wa nusu mita hivi, hivyo sketi ilihitaji vipande kadhaa vilivyounganishwa, na mishono ya vipande hivyo ilikuwa mirefu na mepesi, kwa sababu kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya fundi na kila mtu alijua kwamba siku moja gauni lingefumuliwa lishonwe upya kwa mtindo mwingine. Yote hayo yalifanywa kwa mkono, kwani Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851. Nilipoligusa jambo hilo la mishono mirefu nilimkumbuka babu yako, ambaye hakuwahi kukata kanzu pasipo kuacha akiba ya nguo kwenye pindo.

Lakini picha pia hudanganya, na mshonaji lazima ajue inadanganya wapi. Mchoraji Mwingereza Joshua Reynolds aliwavika wengi wa wanawake aliowachora vitambaa vya kutanda visivyo vya mtindo wowote, akiamini kwamba mitindo huzeeka. Yule kijana wa buluu katika picha ya mchoraji Thomas Gainsborough, iliyoonyeshwa London mwaka 1770, hajavaa nguo za zama zake. Amevaa nguo za kuiga picha za mchoraji Anthony van Dyck, aliyefariki mwaka 1641. Kwa hiyo, mwanangu, hata wao walikuwa wakivaa nguo zilizotokana na picha za kale, kwa karamu za kujigeuza na kwa ajili ya kuchorwa. Ninachokifanya mezani kwangu kina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa.

Sasa nifike kwa yule msichana wa matunda. Anaitwa Dido Elizabeth Belle. Alizaliwa mwaka 1761, mama yake akiwa Maria Belle, mwanamke Mwafrika aliyekuwa utumwani, na baba yake John Lindsay, nahodha wa jeshi la majini la Uingereza. Alilelewa katika jumba la Kenwood, hapa London kaskazini, na mjomba wa baba yake, Lord Mansfield, jaji yule yule aliyeamua mwaka 1772 kwamba mtumwa James Somerset hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu ili akauzwe. Mwenye kitabu ni binamu yake, Lady Elizabeth Murray, aliyelelewa naye nyumba moja. Picha yao ilichorwa na mchoraji David Martin mnamo 1778, na iko katika kasri la Scone huko Uskoti.

Gauni la Elizabeth, la waridi, ni gauni zuri ambalo fundi yeyote mwenye subira anaweza kulishona, kwa sababu limetulia na linasomeka. La Dido ni jambo jingine. Yeye yuko kwenye mwendo, amevaa atlasi nyeupe yenye kung'aa, lulu shingoni, mtandio mwepesi unaopepea, kilemba chenye unyoya, kidole shavuni, na anatabasamu kama mtu anayejua siri. Kilemba kile kinaweza kusomwa kwa namna mbili: wanawake matajiri wa Uingereza walivaa vilemba kwa kuiga Waturuki, na wachoraji waliwavika vilemba vijana weusi waliokuwa watumishi majumbani. Thomas Hutchinson, mgeni aliyekula Kenwood mwaka 1779, aliandika katika shajara yake kwamba Dido aliingia baada ya chakula, akaketi na wanawake wa nyumba. Hakuwa mtumishi, lakini hakukaribishwa mezani. Alisimamia kazi za maziwa na kuku, na baadaye alimwandikia jaji barua zake.

David Martin aliweza kuyaacha yote hayo yaelee katika kitambaa kinachopepea. Mimi siwezi, kwa sababu mkasi hauwezi kukata kitu ambacho hakijaamuliwa, na hilo ndilo lililonifanya nimchague. Mgongo wa gauni hauonekani kwenye picha, nami lazima niushone. Je, bitana iwe ya kitani cha kawaida au ya hariri? Sketi iwe na vipande vingapi? Korseti ifungwe mbele, kama ya mwanamke anayejivalisha mwenyewe alfajiri aende kwenye kazi, au nyuma, kama ya mwanamke mwenye mtu wa kumvalisha? Kila jibu ni kauli juu ya nafasi yake katika nyumba ile. Niliwaza kwa wiki nyingi, nikaenda Kenwood mara tatu, nikatembea kwenye nyasi zile nikijaribu kuona mtu anayebeba matunda kwa mwendo huo atahitaji upindo uishie wapi ili asijikwae.

Nimeamua hivi. Sketi ina vipande sita, kwa ukamilifu, wala sikupunguza mahali ambapo mtandio ungeficha. Mikono ina marinda niliyoyakusanya kwa uzi wa hariri. Mifuko ya ndani nimeitia darizi ambayo hakuna atakayeiona, kwa sababu alikuwa na mali yake: jaji alipofariki mwaka 1793, wosia wake ulithibitisha kwamba Dido ni mtu huru, ukamwachia pauni 500 na pauni 100 kila mwaka. Fedha hizo alizihitaji, kwani mwaka huo huo aliolewa na John Davinier na kuanza nyumba yake. Korseti nimeifunga nyuma.

Nakujibu basi kuhusu kanga na kanzu zetu. Hizo nimezishona tangu utotoni na nitazishona bado, sijaziacha. Lakini katika nchi hii ninayoishi, miongoni mwa sura zote zilizochorwa kwa fahari katika majumba yake, hii ni mojawapo ya chache ambazo ningeweza kumwita mwanangu, na watu walipita mbele yake kwa muda mrefu wakitaja jina la Elizabeth peke yake. Sina namna ya kumtendea jambo lolote isipokuwa kwa sindano, nami nataka mavazi yake yawe kamili pande zote nne, hata upande ambao mchoraji hakuuhitaji.

Kilichobaki ni ukingo wa shingo na unyoya wa kilemba, ambao nimeshaupata. Nguo nimeikata kwa vipimo vyangu, na nadhani mabegani itakutosha wewe pia bila kurekebishwa. Kamba ya korseti ni ya mita tano, hupitishwa tundu kwa tundu mgongoni, na nimejaribu mara kadhaa mbele ya kioo bila kufika zaidi ya tundu la nne. Ukija Desemba, nitakuomba usimame nyuma yangu uivute.

Mama yako akupendaye